Mkate Ulioishia Ndani

Katika kanisa la wanyama, pimbi walisali nje, mlangoni, na mkate wa Bwana ulipomegwa uliishia ndani.

Jumapili moja Kasuku, aliyekariri Kitabu chote, alipaza sauti: "Kitabu kinawaita wote mezani! Pimbi waingie."

"Wazee walituachia mapokeo," akajibu Kobe, mzee wa kanisa asiyejua kusema uongo. "Pimbi hukaa mlangoni. Nilikuta hivyo, nitaacha hivyo."

Bibi Pimbi akachungulia. "Shikamoo, Mzee Kobe. Hao wazee walituweka nje kwa nini?"

"Ili mtulinde na Chui. Ninyi mnaona mbali, na mkipiga yowe kila mtu anasikia."

"Na mkate wetu?"

Kobe akasema kweli: "Mlikuwa mkiletewa kwanza, kabla ya yeyote."

"Basi mapokeo umeyashika nusu, Mzee."

Kobe akarudisha kichwa gambani. Kasuku akaangua kicheko. "Si nilisema? Kitabu kinatosha!"

"Nawe msomaji," Bibi Pimbi akamgeukia Kasuku, "kila Jumapili unatupita hapa mlangoni na makombo mdomoni. Umewahi kutugawia hata chembe?"

Kasuku akasogea kando, akaacha njia ya mlangoni wazi.

Kobe akatoa kichwa, akajitwika sahani ya mkate mgongoni, akashika njia ya mlangoni. Kanisa zima likasubiri pimbi wapate kula kwanza, na kwa mwendo ule wa Kobe, kila tumbo lilipata wasaa wa kukumbuka njaa ya waliokaa mlangoni.