Kabari Mkononi mwa Lwitiko

Kwa miaka kumi na moja, gogo likikwama kwenye kiwanda cha mbao, aliyeitwa alikuwa Lwitiko. Tangu aje yule mwanamke, Sekela, wapasua mbao waliita jina lake yeye, hata Lwitiko akiwa amesimama pale pale na mtaimbo wake.

Siku hiyo gogo la mninga lilibiringika likatumbukia mtaroni. Sekela akachomeka mtaimbo chini yake, akauegemeza juu ya jiwe, akaulalia kwa uzito wake wote. Gogo likapanda taratibu. Wanaume wakashangilia, na Lwitiko akatazama kando kwa wivu.

Ghafla jiwe likateleza. Gogo likaanza kurudi, likielekea miguuni kwa Sekela.

“Kaka Lwitiko, weka kabari!” Sekela akapaza sauti.

Kabari alikuwa nayo mkononi. Akaishikilia, akaliangalia gogo likishuka kwa pumzi moja nzima, ndipo akainama na kuisukuma chini ya gogo. Likasimama shubiri moja tu kutoka vidoleni mwa Sekela.

“Lwitiko! Umemwokoa!” wenzao wakapiga kelele, wakimpigapiga mgongoni.

Sekela akarudisha miguu yake nyuma. Alimtazama Lwitiko, naye akabaki amechuchumaa, kiganja juu ya kabari, asiweze kuinua uso.