Bangili ya Wifi

Siku hizi sheria inaruhusu maumivu ya misuli yasiyosikia dawa yahamishiwe kwa ndugu, asubuhi moja kwa wiki, kwa kuvaa bangili. Yangu huyabeba wifi yangu Sikudhani, yule yule aliyesusia harusi yangu.

Ijumaa hii aliivaa, akaketi jikoni. Mabega yangu yakawa mepesi, nikakanda unga wa chapati huku nikiimba.

"Pole, wifi. Yanauma sana?"

"Wewe kanda tu. Ndugu ni kufaana."

Adhuhuri akaivua. Maumivu yakanirudia, lakini kidogo tu. Nilimkumbatia, nikamshukuru hadi machozi yakanitoka, kisha nikammiminia chai.

Sikudhani alikishika kikombe kwa mikono miwili, kama ninavyokishika mimi miaka yote mabega yanaponiuma.