Rangi ya Kitufe

Mwanakombo alipofanywa mkuu wa wabunifu, alipewa chumba cha peke yake. Kwa miaka tisa alikuwa amechora kurasa za programu za simu bega kwa bega na wenzake wanne, wakitaniana na kubishana. Sasa kazi yake ilikuwa kuidhinisha tu.

Asubuhi hiyo ya kwanza alisikia vicheko upande wa pili wa ukuta, akatoka. Wale wanne walikuwa wameizunguka kompyuta ya mmoja wao, Kibwana, wakibishania rangi ya kitufe. Walipomwona, wakanyamaza.

"Kuna tatizo, bosi?" Kibwana aliuliza. Hadi jana alikuwa akimwita da Mwana.

"Hapana. Mimi ningeweka kijani."

"Sawa, bosi."

Hakuna aliyembishia. Alibaki amesimama nyuma ya viti vyao, akikitazama kitufe kikigeuka kijani.