Maji ya Alhamisi

Hyacinthe alikuwa amekwisha shika njia, daftari kwapani, Émérance alipotoka mbio, kitenge kikimfunguka.

— Papa Hyacinthe, ngoja! Miye nimesahau. Andika: jana niliteka ziwani. Na nikakunywa.

Hyacinthe akarudi, akaketi tena kwenye kiti kilekile, akaandika polepole.

Tangu mwanzo wa mwaka, kila Ijumaa, alipita Kilibula kuuliza watu walioandikwa katika utafiti habari za maji yao: ulikunywa ya wapi, mara ngapi. Wenyewe walijieleza, yeye akaandika. Sheria aliwaambia siku ya kwanza: anayemaliza Ijumaa nne bila maji ya ziwa anaandikwa amebadilika, na hatembelewi tena.

Jirani wote walikwisha badilika. Émérance naye alikuwa na robinet ya maji ya bomba mlangoni. Lakini watoto wake walikuwa ng'ambo, Bujumbura, simu zao kimya, na Ijumaa ndiyo siku pekee mtu aliketi kwake. Kusema uongo hakuweza. Basi kila Alhamisi alibeba bidon mpaka ziwani, akateka, akanywa kikombe kizima.

— Weye Mama, jirani yake Olga alimcheka, robinet iko hapa, unashuka na bidon kama bibi harusi wa mamba!

— Achana na miye. Mamba hajalalamika.

Zamani Hyacinthe aliuliza ya maji tu, akigusagusa tablet, pikipiki ya kazi ikinguruma njiani. Sasa, mwezi wa nane, alifika kwa miguu, daftari na bic mkononi, na maswali yalikuwa yameongezeka. Ulikula nini? Na nani? Mara ya mwisho ulicheka lini? Émérance alijibu yote, kivuli cha nyumba kikihama upande.

— Kwa hiyo bado sijabadilika? aliuliza.

Hyacinthe akafunga daftari. Akatazama robinet.

— Bado, Mama. Ijumaa nitakuja.

Mwezi wa kumi kipindupindu kilipita Kilibula. Émérance aliugua Jumamosi, akafa Jumatatu. Watoto wake walituma pole kwa simu. Olga alichukua kuku. Hyacinthe alifika Ijumaa, akakuta mlango umefungwa, akarudi kwao Runingu, na Kilibula hawakumwona tena. Utafiti wenyewe ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa tatu. Toka hapo hakuna mtu aliyemtuma.