Nipe Mji

Afisa wa forodha alifungua mkebe wa biskuti, akatia kidole ndani, akakinusa.

"Huu ni udongo."

"Ndiyo, bwana."

"Umetoka Bombay na udongo? Kwani kwenu Kisii umekwisha?"

Wenzake wakacheka. Kijana hakucheka. "Ni wa mama," akasema.

"Alikuagiza?"

"Hapana. Hakuniagiza."

"Wenzako huwaletea mama zao sari. Udongo hauingii nchini hivi hivi. Nitaumwaga."

Kijana aliushika ukingo wa mkebe. "Tafadhali, bwana. Chukua masanduku yote mawili. Huo niachie."

Afisa alimtazama usoni, kisha akaufunga mkebe polepole. "Mtu mmoja, masanduku mawili, na anacholilia ni udongo. Haya, pita. Huko nje uwe macho. Saa hizi wezi ni wengi kuliko abiria."

Kabla ya kutoka, kijana alisimama chini ya taa, akaitoa barua mfukoni. Ndani ya ndege alikuwa ameisoma mpaka mikunjo yake ikaanza kukatika.

"Nyamache, Machi 1967. Mwanangu Machogu. Mkono ni wa Mwalimu Obadiah, maneno ni yangu mimi mama yako, Bonareri. Ndege yako inafika usiku, nami nasikia Embakasi usiku mtu huibiwa hata jina. Mwana wa Ondieki alipokewa na mjomba asiye mjomba, akafika nyumbani na soksi tu. Kwa hiyo sikiza. Mzigo usitoke mkononi. Gari la mtu anayekuchekea usipande. Nitakuja mwenyewe, nisimame nje kwenye nguzo ya mwisho. Mjomba wako Okemwa atabaki kulinda gari aliloazima.

"Macho yangu yameingia ukungu, sura yako sitaiona. Tutajuana kwa kitendawili chetu, kile cha nyumba isiyo na mlango. Jibu lake dunia nzima inalijua, kwa hiyo anayejibu si wetu. Wewe ulikuwa ukishindwa kila jioni, ukanipa mji, na mji wenyewe ni ule ule, Nyamarambe, kwa sababu ya mandazi ya sokoni. Basi nipe mji, nitajua ni wewe.

"Msalimie Angwenyi, mwenzako wa chumbani. Mwambie kwangu ana kitanda, kwa vile hana mama. Mengine tutaongea. Wajua kwetu habari nzito haipandi barua, huja kwa miguu yake."

Aliikunja barua, akaubana mkebe kwapani, akainua sanduku kila mkono.

Nje kulikuwa na kelele za madereva wa teksi na wapagazi wakigombania wageni. Mtu mmoja mwenye koti refu alimsogelea. Macho yake yalipita usoni mwa kijana yakaenda kwenye sanduku, penye maandishi ya rangi nyeupe: MACHOGU, NYAMACHE.

"Machogu! Mwana wa dada yangu!" akaita kwa Kikisii safi. "Jamani, umekuwa mwanamume! Mama yako amechoka, nimemwacha garini. Lete hilo sanduku."

Kijana alirudi nyuma hatua moja. "Kitendawili."

"Ati nini? Haya, tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!" Yule mtu akacheka. "Mtihani gani huu? Hata kuku anajua!"

Kijana alimpita.

"Wasomi na kiburi chao!" yule mtu akamtupia kutoka nyuma. "Haya, lala nje!"

Kwenye nguzo ya mwisho alisimama mama mmoja mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, kikapu cha ndizi mbivu mkononi. Mama huyo alimgeuzia uso kila aliyepita, kisha akaurudisha. Kijana alipofika mbele yake alisimama. Akaweka masanduku chini.

"Ni nani?" mama akauliza.

Kijana alizidi kuubana mkebe.

Mama aliinama, akapapasa sanduku, akaikuta kamba ya katani aliyoifunga mwenyewe miaka mitano iliyopita. Fundo lilikuwa lile lile. Uso wake ukafunguka wote.

"Lakini sidanganyiki na sanduku," akasema, huku akicheka na machozi yakimtoka. "Sanduku huibiwa. Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Nyumba yangu haina mlango."

Kijana alifungua mdomo. Jina la mji lilikuwa pale ulimini. Neno moja tu, na mama huyu angelala vizuri usiku ule.

"Umeshindwa, kama kawaida yako!" Bonareri alikuwa amekwisha kunyoosha mikono. "Nipe mji. Nipe mji, mwanangu, twende nyumbani."

"Yai, mama," akasema.

Kicheko kilikatika. Ndege nyingine ilikuwa ikishuka, naye mama akangoja mngurumo wake upite. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka.

"Basi wewe ni Angwenyi," akasema. "Na yeye?"

Angwenyi akautoa kwapani mkebe wa udongo wa kaburini, akamwekea mikononi.