Aliyegusa Mstari

Ujumbe uliingia kwenye simu hata hajakaa sawasawa ofisini: "Mstari umeguswa."

Basi! Fundi wa kompyuta wa hospitali, ambaye wote walimwita Fundi tu, akaacha mkoba wazi mezani, akatoka mbio, akapanda ngazi mbili mbili, salamu za watu akizipita kama hasikii. Siku za mwizi ni arobaini, na za nesi mkuu zilikuwa zimetimia.

Mstari wenyewe ulikuwa wa mumewe. Katika kanzidata ya hospitali kulikuwa na foleni ya wagonjwa wanaosubiri figo, kila mmoja na mstari wake, na Fundi ndiye aliyeitunza. Kila asubuhi, kabla madaktari hawajaingia, kazi aliyoipangia saa ilijiendesha yenyewe na kuipanga foleni upya: aliyeandikwa "tayari" alibaki mahali pake, aliyeandikwa "ahirisha" alirukwa. Figo ikipatikana, anaitwa wa mbele. Mumewe alikuwa wa mbele. Alikuwa amesubiri mpaka amebaki mifupa, na bado kila akija kusafishwa damu alikuwa amejinyoa na kujipulizia manukato, masikini, watu wasijue anavyoumwa.

Halafu siku moja akakutwa "ahirisha". Fundi akadhani kidole cha mtu kimeteleza, akarekebisha. Alipokuta tena, moyo ukampasuka. Hapa pana mkono wa mtu. Na ukimtoa yeye mwenyewe, mwenye ruhusa ya kubadilisha neno lile alikuwa mmoja tu: nesi mkuu. Rafiki yake wa chanda na pete! Aliyemsimamia siku ya harusi! Na aliyefuata kwenye foleni ni nani? Mwalimu mmoja, mwanamke, jirani wa nesi huyo huyo, ukuta kwa ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani.

Ndipo akatega. Aliweka triga juu ya mstari ule: mtu akiugusa tu, kanzidata yenyewe iandike ni kwa akaunti ya nani na kwenye kompyuta ipi, kisha kazi ya asubuhi imtumie yeye ujumbe. Jina hakulitia kwenye ujumbe. La nini, na mwizi anamjua?

"Mume wangu amekukosea nini?" aliuliza akiwa mlangoni, bila hodi.

Nesi mkuu akaweka chini simu ya mezani. "Afadhali umekuja. Figo imepatikana leo. Nilitaka nikuulize, kwa nini bwana'ko ameahirisha?"

"Unaniuliza mimi? Mnafiki mkubwa! Nimekulisha kwangu, nimelia nawe msiba wa mama yako, leo unamuua mume wangu kwa ajili ya jirani? Mstari wake niliutega, na leo umenasa!"

Wauguzi waliokuwa wakikunja mashuka pembeni walijitoa kimya kimya. Nesi mkuu hakupandisha sauti. Machozi yalimlengalenga, lakini aliigeuza kompyuta yake ikamwelekea mwenzake.

"Si umetega? Fungua basi tusome."

Fundi akafungua, akivibamiza vitufe kwa hasira. Akasoma. Akasoma tena. Akaunti ilikuwa yake yeye, Fundi. Kompyuta ilikuwa yake, ile ya nyumbani. Ilikuwa alfajiri, wakati yeye yuko bafuni. Na nyumbani waliishi wawili tu, yeye na mumewe.

"Ni yeye mwenyewe," alisema.

Hapo kila kitu kikamjia kwa mpigo. Jinsi mumewe alivyozoea kumwambia, "Mwache nesi wa watu, hana kosa." Jinsi alivyoanza kusema kwamba duniani wapo wanaostahili kuishi kuliko yeye. Kumbe amechoka kuwa mzigo! Kumbe anajiua polepole ili mkewe apumzike, na asubuhi amembusu shavuni akaondoka bila kusema neno. Miaka yote anampigania, naye anamzunguka nyuma, tena kwa mkono wa mke mwenyewe. Mjinga wee! Nani amekwambia nimechoka?

"Nisamehe, mwenzangu," alisema.

"Utaniomba baadaye," nesi mkuu alijibu, tayari kashika simu. "Mwalimu yuko chumba cha maandalizi, hajaingizwa bado. Figo hii inawafaa wote wawili. Mumeo akikubali kwa kinywa chake, namwita daktari tunabadilisha sasa hivi. Mumeo nimemwona huko huko. Kimbia!"

Akakimbia. Njiani alikuwa akipanga maneno: atapiga magoti, atamshika miguu, atamwambia hajawahi kuwa mzigo hata siku moja, na kwamba hilo alilolifanya amelisamehe. Akausukuma mlango.

Mumewe alikuwa ameketi kando ya kitanda cha magurudumu, ameupa mlango mgongo, mkono wa mwalimu ameukumbatia kwa mikono yake yote miwili. Mwalimu ndiye aliyemwona Fundi kwanza. Akatazama kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwake, akasoma jina, uso ukamchanua.

"Wifi! Hatimaye tunaonana," alisema. "Kaka yako ameniambia ni wewe uliyenisogeza mbele."