Kuku wa Karatasi

"Huyu si kuku wangu," mjukuu alisema, akauachia mkono wa bibi yake.

Ilikuwa siku ya wazazi, na ukuta wa darasa la kwanza ulijaa kuku wa vipande vya karatasi, wanene, wote wanatazama mlangoni kama askari kwenye gwaride. Chini ya huyu aliyemkana liliandikwa jina lake.

Lakini bibi ndiye aliyempikia ile gundi ya unga wa ngano. Wiki nzima mjukuu alimsimulia habari za kuku mwenye vifaranga tumboni, waliofichwa mle ndani mwewe asiwaone. Sasa tumbo limezibwa kwa karatasi ya kahawia, kingo zake zimenyooka. Watoto walichana karatasi zao kwa vidole. Mkasi ni wa mwalimu.

"Nimemrekebisha kidogo tu, mama," mwalimu alimnong'oneza bibi. "Wageni wangecheka."

Mwalimu mkuu akasimama mbele ya kuku yuleyule. "Haya, huyu ndiye mshindi! Fundi wake nani?"

Mwalimu akamsukuma mtoto mbele. Mtoto akalitazama lile tumbo kwanza.

"Mwalimu," akasema.

Wazazi wakaangua kicheko. "Jamani, mtoto ana adabu huyu! Sifa zote kampa mwalimu wake!"

Makofi yakalipuka. Vidole vya mwalimu, vyenye gundi iliyokaukia kwenye kucha, vikalibana lile bega dogo.

Mtoto akageuka kumtafuta bibi yake.

Bibi, kwa kuogopa macho ya watu, naye alikuwa anapiga makofi.